SOMO KWA WAMAMA NA WABINTI: KUTOKA BLANKETI LA VIPANDE MPAKA NGUO YA MTOTO



Hapa kwetu Kipushi kuna wamama wengi wenye kujua kushona mablanketi ya vipande. Wanaokota mabaki chini ya meza za mafundi, wanayafua, wanayakata miraba, wanayaunganisha moja kwa moja. Kisha wanatia blanketi kuukuu katikati, kitambaa kizima chini, na kushonelea yote matatu kwa mkono. Mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya kwetu inaingia mpaka ndani ya mifupa, watoto wao wanalala vizuri. Lakini mama yuleyule, ukimwambia ashone sketi ya binti yake, anajibu: «Hapana, hiyo ni kazi ya fundi. Mimi ninajua vipande tu.» Neno hilo tumelisikia mara nyingi katika chumba chetu cha kushona siku ya posho. Si kweli, ila pia si uongo wote. Kuna mambo ambayo mwenye kushona blanketi anayajua kuliko wote wanaoanza, na kuna mambo machache ambayo blanketi halikumfundisha hata kidogo.

Tunaandika somo hili sasa kwa sababu mwezi wa tisa hauko mbali. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali hayaombi tena feza ya kila mwezi kwa wazazi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sketi ya buluu na shati nyeupe serikali haitoi. Ni mzazi anayenunua kitambaa, ni mzazi anayelipa fundi. Mwenye watoto 5 anajua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Na mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya sketi, mama yake akiwa ameketi na sindano mkononi, ni jambo la kusikitisha sana.

Kazi hii si ngeni katika mji wetu

Wabinti wa leo wanafikiri kwamba kushona nyumbani ni jambo la wamama wa zamani waliokuwa maskini. Waulizeni bibi zenu. Kutoka mwaka 1928 hivi, Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wakae miaka mingi kwenye kampi pamoja na wake zao, badala ya kuja miezi michache na kurudi kijijini. Wake wakawa wengi kwenye kampi, na kampuni pamoja na watawa wa kike wakafungua nyumba za kuwafundisha wamama: kushona, kufuma, kupiga pasi, kutunza mtoto. Wazee wengine bado wanaziita «fuaye». Siku ya posho yenyewe, tunayoitaja kila juma bila kufikiri, jina lake linatoka huko, kwenye siku ya kugawa chakula kwa wafanyakazi.

Tusisifu yote ya wakati ule. Mafundisho yale yalikuwa na kusudi lake: mke atulie nyumbani ili mume atumike vizuri chini ya ardhi. Mama hakufundishwa ili apate feza yake mwenyewe. Hata hivyo kilichoingia mikononi kilibaki mikononi. Mgodi wa Kipushi uliposimama mwaka 1993, na tena wakati Gécamines ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuanzia mwaka 2003, nyumba nyingi zilikula kwa sababu mama alikuwa na mashini ya kukanyaga kwa miguu sebuleni. Mgodi umeanza tena kutoa zinki mwaka 2024, lakini si kila nyumba iliyopata kazi humo, na sindano haijapoteza kazi.

Ambayo mwenye blanketi anayajua tayari

Jambo la kwanza ni mshono ulionyooka. Hilo linaonekana dogo kwa yule asiyejua. Tufanye hesabu. Blanketi lenye miraba 12 kwa mstari mmoja lina mishono 11. Ukikosa milimetre 1 tu katika kila mshono, umekosa milimetre 2, maana mshono unashika vipande viwili. Mara 11 ni milimetre 22. Mstari mmoja unakuwa mfupi kuliko mwenzake kwa zaidi ya sentimetre 2, na blanketi linavuta kama mdomo wa mtu aliyekunywa dawa chungu. Mama aliyefumua mstari mzima mara mbili usiku kwa mwanga wa mshumaa hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba kipimo ni kitu cha kuheshimiwa.

Sasa chukua libaya. Tuseme limekatwa kwa vipande 4 vya kuzunguka kifua, mishono 4. Ukimeza nusu sentimetre zaidi katika kila upande wa kila mshono, ni sentimetre 4 zimepotea. Libaya halitafunga. Ni kosa lile lile la blanketi, ila blanketi linavumilia; mwili hauvumilii.

Jambo la pili ni pasi. Mwenye blanketi anapiga pasi baada ya kila mshono, hangoji mwisho. Wanaoanza wengi wanashona nguo nzima kisha wanaipiga pasi mara moja, nao wanashangaa kwa nini inaonekana ya nyumbani. Tofauti moja tu: kwenye blanketi tunalaza mshono upande mmoja ili uwe na nguvu, kwenye nguo, mara nyingi tunaufungua pande mbili ili usifanye mlima juu ya mwili. Pasi ya makala inafaa kabisa, lakini ipangusie kwanza kwenye kitambaa kibaya. Jivu kwenye shati nyeupe ni huzuni.

Na la tatu ni kujua rangi na kuchagua. Hilo hatutalifundisha, wamama wanatufundisha sisi.

Kitambaa kina njia yake

Hapa ndipo mwenye blanketi anajikwaa. Katika miraba midogo, hata ukigeuza kipande huku na huku, si shida kubwa, kwa maana majirani zake wanakishika. Katika nguo, kitambaa kinaning'inia, na kinaning'inia kufuata nyuzi zake. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za urefu, zinazoenda sambamba na ukingo, na nyuzi za upana zinazokatiza. Nyuzi za urefu hazinyooki sana. Za upana zinanyooka kidogo. Na ukivuta kwa mshazari, kona kwa kona, kitambaa kinanyooka kama lastike. Mafundi wanaita upande huo biye. Jaribu sasa hivi na leso yako, utaona.

Kwa hiyo urefu wa sketi, urefu wa mkono wa shati, urefu wa suruali, vyote vifuate nyuzi za urefu. Ukikata suruali ya mtoto kwa mshazari ili kuokoa kitambaa, baada ya kufua mara tatu mguu mmoja utazunguka na mshono utakuja mbele ya goti. Lakini biye si adui. Ukanda wa biye wa sentimetre 3 au 4 unazunguka shingo au tundu la mkono bila kukunjamana, jambo ambalo ukanda ulionyooka hauwezi.

Tena, kufua kwanza. Kitambaa cha pamba kinajikunyata kikikutana na maji. Mwenye blanketi anatumia mabaki ya kila namna, mengine yamefuliwa mara 100, mengine mapya, naye anajua yanavyogombana. Bwana Yesu mwenyewe alitumia mfano wa kiraka kipya juu ya vazi kuukuu, katika Marko sura ya 2, na wasikilizaji wake walielewa mara moja kwa sababu nyumbani kwao walikuwa wameona kiraka kikivuta na kupasua. Kitambaa cha sketi kiloweshwe usiku kucha, kianikwe kivulini, kipigwe pasi, ndipo kipimwe. Kitenge cha pamba nacho vilevile, hasa cha bei rahisi, ambacho kimejaa wanga wa kukifanya kionekane kizito dukani. Ukikifua unaona uso wake wa kweli.

Mwili ni mviringo

Blanketi ni bapa na kitanda ni bapa. Mtoto si bapa. Ndiyo maana tunapima mahali pengi: kiuno, nyonga, kifua, upana wa mabega, urefu wa mkono. Andikeni kwenye kaye, jina la mtoto na tarehe, kwa kuwa kipimo cha mwaka jana hakifai mwaka huu. Ribani ya kupimia ikikosekana, kamba nyembamba inatosha: zungusha, tia alama, kisha ilaze kwenye rula ya mwanafunzi.

Baada ya kupima, ongeza nafasi. Mtu anapumua, anainama, anainua mkono kuchukua ndoo. Nguo yenye kipimo sawasawa na mwili haivaliki. Juu ya nafasi hiyo unaongeza tena ya mshono: kwenye blanketi tulizoea milimetre 6 au 7, kwenye nguo tunaacha sentimetre 1 na nusu. Wamama wengi wanaona huo ni upotevu. Si upotevu, ni akiba. Mtoto akinenepa, unafumua na kupanua.

Modeli ya karatasi kateni kwanza, kwenye gazeti au kwenye mfuko wa simenti uliokung'utwa vizuri. Karatasi ikiharibika, umepoteza karatasi. Kuchora juu ya kitambaa cheusi au cha buluu, kipande cha sabuni iliyokauka kinafaa kuliko chaki, nacho kinatoka kwa maji.

Sketi moja, tuihesabu pamoja

Tuseme binti ana kiuno cha sentimetre 60, nyonga 68, na sketi itakuwa na urefu wa 45. Tunaanza na sketi ya lastike kwa sababu haina butoni wala pense, na inamfuata mtoto miaka miwili.

Upana: nyonga mara moja na nusu, ni 102. Gawa vipande viwili, kila kimoja 51, ongeza 3 za mishono ya ubavu, ni 54. Urefu: 45, ongeza 4 juu kwa nyumba ya lastike, ongeza 8 chini kwa pindo, ni 57. Basi tunakata vipande viwili, kila kimoja 54 kwa 57. Katika kitambaa chenye upana wa 120, viwili vinakaa pembeni kwa pembeni, 54 na 54 ni 108. Ina maana sentimetre 60 za kitambaa zinatosha sketi nzima. Mtu mwingine angenunua metre 1 na nusu kwa kukosa kuhesabu kwanza.

Shona ubavu mbili, fungua kwa pasi. Juu, kunja 1, kisha kunja 3, shona chini ya mkunjo ukiacha mlango wa kupitishia. Lastike yenye upana wa 2 na nusu, ikate urefu wa kiuno ukitoa 5, yaani 55, na 2 za kushonea ncha, jumla 57. Ipitishe kwa pini kubwa, shona ncha, funga mlango. Chini kunja 1, kisha 7. Hilo pindo nene ni la makusudi: mwaka ujao unalishusha. Tunadhani Hana, mama yake Samweli, alilijua jambo hili, maana kila mwaka alimpelekea mtoto wake hekaluni kanzu ndogo mpya, na mama anayeshona kwa mtoto asiyemwona anakadiria urefu kwa moyo wake.

Nguo za kazi za baba

Mama mmoja aliyekuja kwetu siku ya posho, hatutataja jina lake, alikuwa na mablanketi 6 ya kushangaza nyumbani kwake. Mume wake alikuwa ameenda Kolwezi kutafuta kazi ya kuchimba, na mwaka wa pili ulikuwa umepita bila neno. Alikuwa ameacha nyuma suruali mbili za kazi, za buluu, zile nene za zamani. Wanawake wa mtaani walimwambia azikate miraba atie katika blanketi la saba. Shemeji alisema zisiguswe, mwenyewe atarudi. Na binti wa miaka 9 hakuwa na sketi ya masomo.

Alizileta zimekunjwa ndani ya mfuko, akaziweka mezani, naye hakusema kitu. Sisi hatukumwambia kata wala acha. Tulizipima tu pamoja naye. Magoti yalikuwa yamekwisha, lakini nyuma ya mapaja kitambaa kilikuwa bado na nguvu. Mguu wa suruali ya mtu mzima hautoi kipande cha 54, basi hesabu yetu ya juu haikufaa. Ndipo tulipoona faida ya miaka yake ya blanketi: alichukua sabuni, akachora vipande 8 virefu, vyembamba juu na vipana chini, akaviunganisha kama mtu anayesoma barua. Mshono wa kila kipande ulinyooka. Hakuna aliyemfundisha modeli hiyo siku ile. Mafundi wanaifahamu, nayo inakaa kiunoni vizuri kuliko yetu. Suruali ya pili aliirudisha ndani ya mfuko nzima. Binti yake aliingia darasani siku ya kwanza pamoja na wenzake.

Habari kama hiyo ipo hata mbali. Huko Marekani, jimbo la Alabama, kuna kijiji kinachoitwa Gee's Bend, cha watu weusi, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Wamama wa huko tangu zamani wanashona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa. Mmoja wao, Missouri Pettway, mwaka 1942 alishona blanketi kwa nguo za kazi za mume wake aliyekuwa amefariki, ili ajifunike kwa hilo na kumkumbuka. Mwaka 1966 wamama wa sehemu hizo walianzisha ushirika wa kuuza mablanketi, na mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika nyumba kubwa ya sanaa ya Houston, kisha New York. Blanketi la Missouri Pettway ni la maana kwetu hata leo. Lakini tukilinganisha, tunaona kwamba nguo ya kazi ya baba ina njia zaidi ya moja, na ni mwenye mkasi anayejua nyumba yake inahitaji nini.

Vitu vidogo vinafundisha

Wengine wanataka kuanza na rope ya harusi. Tunawasihi wasifanye hivyo. Kitenge cha yadi 6, yaani metre 5 na nusu hivi, ni feza ya siku nyingi, na mkasi hauombi msamaha. Anzeni na mfuko wa soko: ni blanketi dogo lililokunjwa na kushonwa pande mbili, na vishikio viwili. Mfuko wa kaye za mtoto vilevile, na kwa huo mabaki mazito yanafaa sana. Kisha aproni, ambayo inafundisha biye. Kitambaa cha kushikia sufuria ni blanketi kabisa, tabaka tatu, isipokuwa katikati kuwe na pamba au sufu, si plastiki wala nailoni. Nailoni inayeyuka na kushika mkono. Baada ya hapo sketi, kaptula ya mtoto wa kiume, na mwisho shati. Shati ni mwalimu mkali kwa sababu ya kola na mikono. Kichwa cha mkono wa shati ni kirefu kidogo kuliko tundu lake, nacho kinaingizwa polepole kwa kuvuta uzi, bila kufanya mikunjo. Hapo hata mafundi wanajifunza mpaka uzee.

Kuhusu mashini: ya kukanyaga au ya mkono inatosha, Singer ya bibi au Butterfly ya kutoka China, na haingoji umeme ambao tunajua unavyokatika. Safisheni vumbi chini ya sahani ya sindano na tieni mafuta ya mashini, siyo ya kupikia, maana ya kupikia yanaganda kama gundi. Uzi wa juu ukifanya vitanzi chini, msikimbilie kulaumu bobini. Mara nyingi ni uzi wa juu uliopitishwa vibaya.

Nguo za balo zimejaa sokoni, upande wa Zambia wanaziita salaula, na kuna watu wanaouliza: kwa nini kushona wakati sketi ya balo inauzwa rahisi? Swali ni la haki. Kwa suruali ya mtu mzima au koti, hatutawadanganya, mara nyingi balo inashinda. Lakini sketi ya buluu yenye kipimo cha binti wa miaka 9 haipatikani kila siku katika balo, na ikipatikana mwezi wa nane, muuzaji anajua tarehe kama sisi. Tena balo yenyewe ni kitambaa: sketi kubwa ya mwanamke iliyochanika zipu inatoa sketi mbili za watoto. Kwa hiyo mwenye kujua kukata ananunua kwa macho mengine.

Darasa letu linaendelea kila siku ya posho saa nane ya mchana, nyuma ya kanisa. Kwa sasa mashini zinazofanya kazi ni 3, kwa hiyo wenye mashini ndogo ya mkono waje nayo kama inawezekana. Kila mmoja alete mkasi, sindano, uzi wa buluu na mweupe, kipande cha sabuni, kaye, karatasi kubwa, na kitambaa kilichokwisha kufuliwa. Na yule ambaye hana kitambaa alete nguo kuukuu ya nyumbani kwake. Tutaipima pamoja naye kabla hajaikata.